Jasho la Fundi Manasseh

Ukipita Nyacheki ukaona paa la mabati lililonyooka, lisilovuja wala kupiga kelele upepo ukivuma, uliza ni nani aliyeliezeka. Mara nyingi utaambiwa ni Manasseh Anyona. Alianza kupanda paa akiwa kijana asiye na ndevu, na kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuanguka hata siku moja. Alitembea juu ya mbao kama wewe unavyotembea sebuleni kwako. Mafundi wenzake walimtania kwamba magoti yake yametengenezwa kwa raba.

Magoti hayo hayo ndiyo yaliyokuja kumwaibisha.

Akiwa chini, Manasseh alikuwa mtu kama watu wengine. Alikuwa shemasi katika kanisa la Wasabato, mwana wa mama mjane aitwaye Abigael, na mume wa Ruth. Walikuwa na chai kidogo kwenye mteremko, migomba nyuma ya nyumba, na ng'ombe mmoja mwenye hasira za bure. Chai waliilima lakini hawakuinywa, kwa kuwa kanisa lao haliipendi, ingawa Mama Abigael alikuwa na birika lake dogo na hakuna aliyethubutu kumuuliza ndani mna nini. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Nyakerario, wa miaka saba. Ruth alikuwa amemtafutia mdogo wake kwa miaka mitatu bila kupata. Hakulisema sana jambo hilo, lakini nguo za Nyakerario za uchanga alizifua na kuzianika kila baada ya miezi michache, kisha akazikunja tena. Manasseh alimwona akizianika, akajifanya hajaona.

Mwezi wa pili Manasseh alipata kazi Keroka, kuezeka nyumba ya kupangisha, kazi ya wiki tatu. Mafundi walilala huko huko kazini. Mwanamke aliyewapikia aliitwa Celestine. Mengine sitayaeleza kwa kirefu, maana hayakuwa na urefu. Ilikuwa mara mbili, na ile ya pili nadhani ilikuwa ya kuhakikisha kwamba ya kwanza ilikuwa kosa. Kazi ilipoisha alifunga nyundo zake kwenye gunia, akarudi kwa mkewe, akalala naye kama mume aliyetoka safari, akajiambia kwamba yamekwisha.

Wiki ya pili nyumbani, haja ndogo ikaanza kumchoma. Akalaumu jua. Macho yakawa mekundu, akalaumu vumbi la mabati. Kisha asubuhi moja alishuka kitandani na kisigino kikamuuma kana kwamba amekanyaga msumari, na goti la kulia lilikuwa limevimba hata suruali ikakataa kupita. Siku chache baadaye goti la kushoto likafuata. Hapo akakosa cha kulaumu. Fundi aliyetembea juu ya mbao akawa anakwenda msalani akiwa ameegemea bega la mkewe, na mkewe mwenyewe ni mfupi.

Zahanati ya karibu walimpa tembe za maumivu, wakasema ni baridi ya milimani. Ruth hakuridhika. Alimwomba jirani mwenye gari, wakamlaza kiti cha nyuma, wakampeleka kliniki moja Keroka.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye maswali makali. Kwanza alimwomba Ruth asubiri nje kwenye benchi.

"Hiyo magoti imekataa kabisa, daktari," Manasseh akasema. "Nafikiri ni hii kazi ya paa."

Daktari aliyabonyeza magoti, akamtazama macho, akamuuliza kuhusu haja ndogo. Halafu akauliza kama amekutana na mwanamke mwingine zaidi ya mkewe. Manasseh aliinua uso akatazama dari. Aliona kwamba aliyeipigilia hakujua kazi, misumari ilikuwa imekwenda upande. Daktari alingoja mpaka misumari yote ikaisha kutazamwa.

"Mara mbili," Manasseh akasema.

Alipimwa mkojo. Majibu yalipotoka daktari alivuta kiti karibu. "Baba, paa halina kosa. Umeambukizwa klamidia, ni ugonjwa wa zinaa. Mwili wako umeamka kupigana nao, lakini umepotea njia, sasa unashambulia viungo vyako mwenyewe na macho. Nitakupa dawa. Vijidudu vitakufa upesi, lakini uvimbe utakawia. Miezi miwili, mitatu, pengine zaidi. Utatembea tena, usiogope. Sasa tuzungumze habari ya mama aliye nje."

"Yeye haumwi."

"Wanawake wengi hawaumwi. Ugonjwa unakaa kimya ndani, unaharibu njia ya uzazi, na siku atakapoumwa huenda tumechelewa. Mna watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mnataka mwingine?"

Manasseh aligeuka kuutazama mlango. Daktari akasimama. "Nimwite nimweleze?"

"Hapana. Hapana, daktari. Nitamwambia mimi mwenyewe nyumbani."

Daktari bila shaka alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo. Mwishowe alifunga pakiti mbili za dawa. Kwenye ya pili aliandika jina la Ruth na tarehe. "Leo," akamwambia. "Si kesho."

Kwenye gari Ruth aliuliza amesema nini. "Ni maji kwenye magoti," Manasseh akajibu. "Ni kupanda paa miaka mingi." Kijasho chembamba kikamtoka, kikashuka kutoka kwenye paji la uso mpaka shingoni. Ruth alitoa leso akampangusa. Nyumbani, mkewe alipokwenda kukamua ng'ombe, Manasseh alitumbukiza ile pakiti katika kopo la misumari ya paa, akafunika, akalisukuma chini ya kitanda. Alikusudia kumwambia siku ile ile baada ya kula. Baada ya kula akaona heri kesho.

Ndivyo mwezi ulivyokwisha, kesho baada ya kesho. Pakiti yake alimeza tembe zote. Ya Ruth ilikaa gizani na misumari. Na kila Ruth alipoingia na bakuli la uji au beseni la maji ya moto, dhamiri ilimpanda Manasseh kooni na jasho likambubujika. Alipotoka, jasho lilikauka. Alikuwa anaogopa macho ya mkewe, basi. Hakuna uganga hapo. Lakini Mama Abigael, aliyeketi pembeni ya kitanda kutwa nzima akimfukuzia mwanawe nzi, aliliona jasho hilo, na yeye alikuwa na jina la kuliita.

Sisi Wagusii tuna kitu kinachoitwa amasangia. Mke akitoka nje ya ndoa, kisha mumewe akaugua, mke huyo hatakiwi kumkaribia mgonjwa. Akiingia chumbani, mgonjwa atatokwa na jasho, na wakiendelea kukutana, mgonjwa atakufa. Dawa yake ni mke akiri, ataje jina la mwanamume, kisha asafishwe. Waulize Wasabato wa Nyacheki siku ya Jumamosi, watakuambia hayo ni mambo ya giza yaliyoachwa na mababu. Lakini mtu wako akiwa kitandani wiki ya sita, anavimba na kukonda kwa pamoja, huna muda wa kuulizana ni Jumamosi au Jumanne. Na mume akiwa ndiye aliyetoka nje, je? Hapo mila yetu hukohoa kidogo ikatazama pembeni.

Siku moja asubuhi Ruth alikuja na uji, akakuta mama mkwe amesimama mlangoni.

"Nipe mimi nitamnywesha."

"Mama, kuna nini?"

"Nipe bakuli, mwanangu. Usiingie humu tena mpaka nikuambie."

Manasseh alisikia kila neno. "Mama," akaita, "mwache Ruth aingie. Ruth hana kosa."

Mama Abigael aliweka bakuli chini, akampapasa kichwa. "Wewe una moyo wa baba yako," akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nyamaza upone."

Manasseh akanyamaza. Neno la pili ambalo lingemaliza mambo yote lilikuwa tayari mdomoni, akalimeza pamoja na uji. Alijiambia mama ni mzee, atakufa kwa presha. Alijiambia kanisani watamvua ushemasi. Alijiambia Ruth ataondoka, na nani atamshika bega kwenda msalani? Nikimfikiria mtu huyu hasira hunipanda, kisha namkumbuka alivyolala pale, hawezi hata kujigeuza ubavu, na hasira inapungua.

Ruth akawa analala jikoni na mtoto. Mchana alichuma chai, na akirudi aliketi nje, chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa, akichambua mboga. Manasseh alisikia majani yakikatwa. Wakati mwingine Ruth aliuliza kwa sauti ya chini, "Umekula?" naye akajibu, "Nimekula." Goti likimchachamaa akalia kwa uchungu, kule nje kisu kilinyamaza, na hakikuanza tena mpaka yeye anyamaze.

Jumapili moja mchana baba mdogo wa Manasseh, Mzee Momanyi, alikuja, na pamoja naye bibi mmoja aitwaye Nyanchoka, anayejua majani ya dawa. Waliketi sebuleni. Mlango wa chumba ulikuwa pazia tu. Ruth aliitwa, akapewa kigoda.

"Hatukukuita tukupigie kelele," Mzee Momanyi akaanza. Si mtu mbaya huyu mzee. Alikuwa amemtolea Manasseh mahari mwenyewe, na alimpenda Ruth. "Tumekuita kwa sababu mtoto wetu anaisha. Taja jina, tusafishe, tusahau. Hakuna atakayekufukuza."

"Baba, sina jina la kutaja."

"Nimemwona kwa macho yangu," Mama Abigael akasema. "Ukiingia, jasho. Ukitoka, linakauka. Sijamwambia mtu uongo. Unataka tumzike ndipo useme?"

Kitandani, Manasseh alikuwa ameshika ukingo wa godoro. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili: ni mimi. Alitaka kuyasema akiwa amesimama, kama mwanamume, kama shemasi. Akashusha mguu mmoja, goti likakataa, akaanguka tena kwenye mto akihema. Baadaye alijitetea moyoni kwamba miguu ilimwangusha. Lakini mdomo haukanyagi chini kwa magoti, na pazia lile lilikuwa jepesi, hata kunong'ona kungesikika.

"Nikitaja," Ruth akauliza, "mtaniacha niingie nimwoshe? Leo?"

"Leo leo," akasema bibi Nyanchoka.

"Basi ni kweli. Ni Jasper."

Jasper alikuwa mnunuzi wa ndizi. Alikuwa amekufa kwenye ajali mwaka juzi, hakuacha mke wala mtoto. Ruth alikuwa amemchagua mtu ambaye aibu haitamfikia. Mzee Momanyi alishusha pumzi ndefu. Mama Abigael akaanza kulia, na mimi naamini alilia kwa shukrani. Kule chumbani Manasseh aliuma shuka.

Bibi Nyanchoka alitwanga majani yake, akamnyunyizia Ruth mikononi, kifuani na miguuni, akanyunyiza na kizingiti. Kisha Ruth aliingia na beseni la maji ya moto, akavuta pazia, akaanza kumwosha mumewe miguu.

"Umesema uongo," Manasseh akanong'ona.

"Nyamaza. Nimechoka kukusikia ukilia nikiwa nje."

"Najua hujafanya kitu."

Ruth alikamua kitambaa. "Wewe unajua. Basi, inanitosha."

Hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho iliyo nzuri, na Manasseh aliiacha ipite. Alilia tu, na Ruth akamfuta machozi kwa kitambaa kile kile, akidhani ni maumivu.

Yaliyofuata yalikuwa kama daktari alivyosema. Uvimbe ulianza kushuka, polepole, kwanza kwenye kifundo cha mguu, halafu goti la kushoto. Wiki ya tatu baada ya kukiri kwa Ruth, Manasseh alitoka nje akiwa na mkongojo na kuketi juani. Nyacheki nzima ilikuja kumtazama. Na kila aliyekuja alimtazama Manasseh mara moja, kisha akamtazama Ruth kwa muda mrefu. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye kiti, umefika hapo kwa miguu yake. Habari ya Jasper ilifika kwenye kituo cha kupimia chai kabla ya Ruth mwenyewe kufika. Wanawake walimwachia nafasi kwenye foleni, nafasi pana ambayo hakuiomba. Kanisani aliambiwa kwa upole apumzike kuimba kwaya. Alipumzika.

Mwezi wa sita, Manasseh alimkuta Ruth ameketi chini katikati ya michai, kikapu kimelala upande, mkono wake ukiwa chini ya kitovu.

"Tumbo," Ruth akasema. "Wiki ya pili sasa. Litapita."

Manasseh alirudi nyumbani kwa mkongojo wake, akainama kwa taabu, akalivuta kopo. Alirudi nalo shambani likilia njia nzima. Aliimwaga misumari chini mbele ya mkewe, akaichukua pakiti, akampa. Kisha akasema yote, Keroka, Celestine, daktari, bila kutazama pembeni hata mara moja. Ilimchukua dakika tatu. Mambo aliyoyabeba miezi mitatu.

Ruth alisoma jina lake. Akasoma tarehe.

"Hii ni siku ile mimi nilikuwa kwenye benchi."

"Ndiyo."

"Na ile Jumapili, nikiwa kwenye kigoda mbele ya Mzee Momanyi, hii ilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Na wewe juu yake."

Ruth aliokota misumari mmoja mmoja, akairudisha kwenye kopo, kwa sababu ng'ombe hupita pale na msumari ungemchoma. Kesho yake alikwenda Keroka peke yake. Daktari alimchoma sindano, akampa dawa mpya, na kuhusu mtoto akamwambia kwamba hawezi kumwahidi chochote. Ruth alirudi jioni, akamsimulia Manasseh maneno hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia bei ya sukari. Kisha akasema, "Nenda kawaambie waliokuwa sebuleni. Wakikuamini, nitakaa. Jina langu likirudi, nitakaa."

Manasseh alikwenda. Lazima nimpe haki yake, safari hii alikwenda. Aliwaketisha Mama Abigael na Mzee Momanyi, akawaambia ni yeye, akamtaja Celestine, akaonyesha karatasi ya kliniki. Mama yake alimsikiliza akitabasamu kwa huzuni, kama anayemsikiliza mtoto mwenye homa.

"Unajichafua kwa ajili yake," akasema. "Nilijua utafanya hivi. Baba yako angefanya hivi."

"Mama, daktari alisema nitapona kwa miezi mitatu. Dawa ndiyo iliyoniponya."

"Dawa ulimeza mwezi wa tatu ukaisha, ukazidi kuvimba. Mkeo alikiri, ukapungua. Mimi sikusoma, lakini kuhesabu siku najua."

"Alikiri uongo!"

"Mwanangu," Mzee Momanyi akaingilia, tena kwa upendo, "kama ingekuwa ni wewe, ungekaa kitandani umsikie mwanamke huyu akijiaibisha mbele yangu, ukanyamaza? Wewe? Mimi nakujua tangu umezaliwa. Huwezi."

Manasseh alikunja karatasi yake. Alikwenda kwa mchungaji, naye akasifu unyenyekevu wake. Alimwambia jirani, jirani akamwambia mkewe kwamba ndoa ya kweli ni ile. Kila aliposema, alizidi kuwa mtu mwema, na Ruth akazidi kuwa na bahati ya kuwa na mume kama huyo. Siku ya tatu aliacha kusema. Ruth hakuuliza. Alimtazama tu usoni alipoingia, akapata jibu.

Alhamisi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha, na paa la jiko la Mama Abigael lilivuja. Ilikuwa mara ya kwanza Manasseh kupanda paa tangu augue. Mama yake alimshikia ngazi. Magoti yalikuwa magumu bado, kila kidato alikipanda kwa miguu yote miwili kama mtoto anayejifunza, lakini alifika juu, na mama yake akapiga kigelegele kule chini.

Kutoka juu aliona barabara. Ruth alikuwa anaiteremka kuelekea stendi, akiwa na mkoba kichwani na Nyakerario mkononi. Kwao ni Nyaramba, si karibu. Manasseh aliita jina lake kwa nguvu zake zote. Ruth aligeuka, akainua uso, akamwona mumewe amesimama juu ya paa, mzima. Kisha akambadilisha mtoto mkono, akaendelea na safari.

Manasseh alianza kushuka. Mguu mmoja, halafu wa pili. Akapumzika, maumivu yakimchoma mpaka nyongani. Mguu mmoja, halafu wa pili. Alipofika kwenye kidato cha mwisho barabara ilikuwa tupu, na jasho lilikuwa limemlowesha shati lote.

Mama Abigael alitazama jasho hilo, akatazama barabara, akaelewa kwa namna yake. Akashika ncha ya kanga, akaanza kumpangusa uso.

"Mwache aende, mwanangu," akasema. "Sasa hutaugua tena."